Daraja, muktadha au REST: namna ya kijenzi kipya kuufikia msimbo mkongwe wa XWiki

Anayeandika kijenzi kipya (yaani kipande cha programu kinachoongezwa) cha XWiki, programu ya wiki iliyoandikwa kwa Java, leo huandika Java safi: kiolesura chenye alama ya @Role, klasi yenye @Component, mahitaji yanayoletwa kwa @Inject, na mstari mmoja katika faili la META-INF/components.txt ili mfumo uitambue klasi hiyo unapowaka. Usafi huo hudumu mpaka kijenzi kihitaji kusoma ukurasa. Kurasa, viambatisho, historia na uhifadhi katika kanzidata bado vinakaa katika moduli inayoitwa xwiki-platform-oldcore, ndani ya pakiti za com.xpn.xwiki, zenye mizizi katika siku za mwanzo za mradi mwaka 2003, na hakuna API mpya (njia rasmi ya msimbo mmoja kuutumia mwingine) iliyokwisha kuchukua nafasi yake yote.

Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana kama kijenzi kipya kiuguse msimbo huo mkongwe, kwa sababu kitaugusa tu. Kinachofaa kuamuliwa ni kiuguse kwa njia ipi, na ni klasi ngapi za mradi wako zitakazojua kwamba kiini hicho cha zamani kipo. Njia zinazostahili kulinganishwa ni tatu: kupitia daraja, kupitia muktadha wa zamani, na kupitia REST, yaani anwani za wavuti ambazo programu ya nje huzitumia kuzungumza na seva. Ipo na ya nne, ambayo nitaitaja kwa ajili ya kuikataza.

Ili ulinganisho usielee hewani, tuchukue wiki ya ndani ya ofisi ya wakala wa forodha pale Kurasini, Dar es Salaam, karibu na bandari. Kila shehena ina ukurasa wake, na ukurasa huo umebeba kitu (object) chenye sehemu tano: namba ya hati ya upakiaji, namba ya TANSAD (tamko la forodha la Tanzania), tarehe ya meli kutia nanga, hali ya mzigo na afisa anayeushughulikia. Ofisi inataka kijenzi kinachopokea taarifa mpya za shehena, kuzijaza katika ukurasa unaohusika, na kuwaonyesha maafisa kontena zinazokaribia kuanza kutozwa gharama za kuhifadhiwa bandarini. Waandishi wa programu wako Kijitonyama, na seva ya wiki iko ofisini Kurasini. Mfano ni wa kubuni, lakini kazi za aina hii ni nyingi mjini.

Kabla ya njia zenyewe, neno moja kuhusu kiini. Klasi tatu ndizo zinazobeba uzito: XWiki, yenye maelfu ya mistari na yenye mkono katika karibu kila jambo, XWikiDocument, yaani ukurasa pamoja na vitu vyake, na XWikiContext, ambayo kwa asili yake ni Hashtable iliyopanuliwa na kubebeshwa ombi la kivinjari, jibu lake, mtumiaji aliyeingia, wiki inayotumika na ukurasa uliofunguliwa. Sehemu kubwa ya mbinu za kiini hudai zipewe XWikiContext kama kigezo cha mwisho. Ukiwa nayo milango yote iko wazi. Usipokuwa nayo, huendi popote.

Daraja

Moduli ya xwiki-platform-bridge inatoa kiolesura kiitwacho DocumentAccessBridge. Utekelezaji wake haukai humo. Umo ndani ya oldcore yenyewe. Mpangilio huo una sababu ya kiufundi ambayo mara nyingi husahaulika. Oldcore inategemea moduli nyingi mpya, kama zile za uchakataji wa maandishi, za rejea za kurasa na za usalama. Iwapo mojawapo ya moduli hizo ingetaka kusoma ukurasa kwa kuitegemea oldcore moja kwa moja, Maven, chombo cha kujenga miradi ya Java, ingeona mduara na kukataa kujenga mradi. Daraja liliwekwa ili moduli za chini ziweze kuomba ukurasa bila kumjua anayeuleta.

Nimeieleza sababu hiyo kwa kirefu kwa kuwa wengi hulichagua daraja kwa imani kwamba ndiyo njia safi, wakati tatizo lililolizaa haliwahusu kabisa. Kijenzi cha shehena cha Kurasini hakitegemewi na oldcore, wala hakitategemewa. Kinaweza kuitegemea oldcore bila mduara wowote. Usafi uliobaki basi ni wa aina nyingine, na inafaa tuupime kwa kile unachotupa.

Kwanza unatupa wepesi wa majaribio. Kiolesura cha daraja ni kidogo kiasi cha kuigizwa kwa urahisi: katika jaribio lenye alama ya @ComponentTest, unaweka @MockComponent juu ya DocumentAccessBridge, unasema getProperty irudishe nini, na jaribio linakwisha mara moja bila kuamsha kipande chochote cha kiini. Pili, msimbo wako hauoneshi hata jina moja la com.xpn.xwiki, na anayeusoma kwa mara ya kwanza haelemewi. Kwa kijenzi kinachosoma tu, yaani kinachouliza kama ukurasa upo, kuchukua thamani ya sehemu moja au kupata anwani ya ukurasa, daraja linatosha na linapendeza.

Kuandika ni jambo lingine. Mbinu ya setProperty hufungua ukurasa, hubadilisha sehemu moja, kisha huhifadhi. Ukitaka kujaza sehemu zote tano za shehena, utaiita mara tano, na ukurasa utahifadhiwa mara tano. Mtu akifungua historia ya ukurasa huo atakuta safu ya matoleo madogo yenye maelezo ya kimashine, "Property [hali] set." likifuatiwa na "Property [tansad] set.", kila moja likiwa na saa yake. Kwa ofisi ambayo historia ya ukurasa ndiyo ushahidi wake pale mteja anapouliza ni nani alibadilisha hali ya mzigo na lini, huko ni kuijaza takataka. Isitoshe, kila hifadhi huwaamsha wasikilizaji wote wa tukio la ukurasa kubadilika, kwa hiyo barua pepe za taarifa na usasishaji wa faharasa ya utafutaji navyo huongezeka mara tano. Tena umeme ukikatika, au hitilafu ikitokea baada ya hifadhi ya tatu, ukurasa unabaki nusu mpya na nusu wa zamani.

Jambo jingine la kuangalia ni ruhusa. Daraja halimzuii mtu. Mbinu za kusoma ukurasa zitakupa maudhui bila kuuliza kama mtumiaji aliyeko mbele ya kivinjari anaruhusiwa kuyaona. Ukaguzi huo ni wajibu wa kijenzi chako, na hufanywa kwa ContextualAuthorizationManager, ambacho ni kiolesura kipya na kizuri. Daraja lina mbinu zake za zamani za kuuliza kama ukurasa unaonekana au unaharirika, lakini zimekwisha kutangazwa kuwa zimepitwa na wakati. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ianze kutumika Mei 2023, ofisi yenye kurasa za wafanyakazi au za wateja ndani ya wiki hiyohiyo haina budi kulitazama jambo hili kama sharti.

Kabla ya kuliacha daraja, inafaa kukumbusha kwamba moduli hiyohiyo ina matukio kama DocumentUpdatedEvent. Kijenzi kinachotaka tu kujua kwamba ukurasa umebadilika hakina haja ya kukifuata kiini. Kinajisajili kama EventListener, yaani msikilizaji, na kiini ndicho kitakachokiita. Chanzo cha tukio kinaweza kutumiwa kama DocumentModelBridge, na mara nyingi hicho kinatosha. Nimeona misimbo iliyoweka kazi ya kila dakika ya kukagua kurasa zote wakati msikilizaji mmoja angemaliza shughuli.

Muktadha wa zamani

Njia ya pili ni kukubali kuitegemea oldcore waziwazi, kuingiza Provider wa XWikiContext, na kuzungumza na kiini kwa lugha yake. Kwa kazi ya kuandika, hivi ndivyo inavyoonekana:

```
@Inject
private Provider<XWikiContext> muktadha;

XWikiContext xcontext = this.muktadha.get();
XWiki wiki = xcontext.getWiki();
XWikiDocument ukurasa = wiki.getDocument(rejea, xcontext).clone();
BaseObject shehena = ukurasa.getXObject(AINA_YA_SHEHENA);
shehena.set("tansad", namba, xcontext);
shehena.set("hali", "imetolewa", xcontext);
wiki.saveDocument(ukurasa, "Taarifa za forodha zimesasishwa", xcontext);
```

Hifadhi ni moja, toleo ni moja katika historia, na maelezo ni ya Kiswahili ambayo afisa anayaelewa. Faida hiyo peke yake, kwa kijenzi kinachoandika sehemu zaidi ya moja, inashinda usafi wote wa daraja. Gharama yake ni kwamba kila mstari katika kipande hicho una jambo ambalo kiini hakikukumbushi.

Tuanze na Provider. Kijenzi cha kawaida cha XWiki ni kimoja kwa seva nzima, ilhali muktadha ni wa ombi moja la mtumiaji mmoja. Mwandishi anayechukua XWikiContext mara moja na kuihifadhi katika sehemu ya klasi, kwa nia ya kuokoa mwito, atakuwa amebaki na muktadha wa yule aliyefika wa kwanza. Afisa wa pili akija, kijenzi kitaandika kwa jina la wa kwanza na kukagua ruhusa za wa kwanza. Kosa la namna hii halionekani kwenye kompyuta ya mwandishi kwa sababu pale mtumiaji ni yeye peke yake. Linaonekana siku ofisi nzima imeingia. Kwa hiyo get() iitwe ndani ya kila mbinu, kila mara, na isihifadhiwe.

Kisha kuna clone(). Ukurasa unaoletwa na getDocument kwa kawaida hutoka kwenye kache (hifadhi ya muda ya kumbukumbu), nao hutumiwa na wote wanaousoma kwa wakati huo. Ukiubadilisha bila kuunakili, mabadiliko yataonekana kwa wengine kabla hayajahifadhiwa, na hifadhi ikishindikana yatabaki kwenye kache kana kwamba yalifaulu. Hilo ni neno moja tu katika msimbo, na kwa maoni yangu ndilo neno ambalo mkaguzi wa msimbo alitafute kwanza kabla ya kusoma kingine chochote.

Mwandishi wa badiliko naye hajiweki. Kuita saveDocument hakumaanishi kwamba mtumiaji wa sasa ataandikwa kuwa ndiye aliyebadilisha; kijenzi ndicho kinachopaswa kumweka kwenye ukurasa kabla ya kuhifadhi. Katika XWiki hilo si pambo la historia tu, kwa sababu ruhusa za msimbo ulioandikwa ndani ya ukurasa hupimwa kwa mwandishi wake.

Kazi za nyuma ndizo zenye mtego mkubwa zaidi. Muktadha umefungwa kwenye uzi wa utekelezaji (thread) kupitia kijenzi cha Execution. Ukianzisha uzi mpya kwa mkono, huko hakuna muktadha wowote, na mbinu za kiini zitaanguka kwa NullPointerException au, vibaya zaidi, zitafanya kazi juu ya wiki isiyokusudiwa. Njia sahihi ni kurithi AbstractXWikiRunnable, ambayo huandaa muktadha kabla na kuusafisha baada, au kutumia moduli ya Job ambayo inafanya hayo na kukuletea maendeleo ya kazi pia. Vilevile, kijenzi kinachohamia wiki nyingine kwa setWikiId kinapaswa kuirudisha wiki ya awali ndani ya finally, la sivyo msimbo unaofuata katika ombi hilohilo utajikuta ugenini.

Majaribio katika njia hii ni mazito zaidi. Kuna alama ya @OldcoreTest na klasi ya MockitoOldcore, ambazo huigiza kiini kiasi cha kutosha kuhifadhi na kusoma kurasa kwenye kumbukumbu. Zinafanya kazi vizuri, ila huvuta orodha ndefu ya vijenzi, na jaribio likianguka ujumbe wa hitilafu mara nyingi hutaja kijenzi ambacho hujawahi kukisikia.

Halafu kuna suala la kuhama kwa matoleo. Wanaoogopa oldcore husema kwamba itabadilika na kuvunja kila kitu. Nionavyo, hofu hiyo imekuzwa. Mradi wa XWiki hulinda API zake za umma kwa chombo kinachokagua uvunjaji wakati wa kujenga, na mbinu zilizopitwa na wakati huhamishiwa katika moduli za xwiki-platform-legacy, ambazo kwa kutumia AspectJ huzirudisha kwenye klasi zake za awali ili programu za zamani ziendelee kukimbia. Kinachovunjika kwa kawaida ni pakiti zenye neno "internal", ambazo hazikuahidiwa mtu, na vile vitu vya nje ambavyo muktadha unavibeba. Mfano wa karibu ni toleo la 17, la mwaka 2025, lililohama kutoka javax.servlet kwenda jakarta.servlet: aliyetumia muktadha kuhifadhi kurasa hakuguswa sana, ila aliyelichukua ombi la kivinjari kutoka kwenye muktadha na kulichokonoa moja kwa moja alikuwa na sababu ya kurudi kwenye msimbo wake.

Njia ya nne niliyoahidi kuikataza inaanzia hapa. Zipo klasi za zamani zinazotumia Utils.getComponent kupata vijenzi kwa mwito tuli (static), na zipo zinazoenda moja kwa moja kwenye Execution kuchomoa kitu chenye ufunguo "xwikicontext". Ya kwanza ilikusudiwa kwa msimbo mkongwe unaotaka kuufikia mpya, si kinyume chake. Ya pili ndiyo Provider anayoifanya kwa niaba yako, tena kwa kuandaa muktadha pale usipokuwepo. Katika kijenzi kipya hakuna sababu ya kuandika yoyote kati ya hizo mbili.

REST

Njia ya tatu ni kukaa nje kabisa. XWiki ina anwani za REST kama /rest/wikis/xwiki/spaces/Shehena/pages/…/objects, zinazorudisha XML au JSON, na programu ya Python au ya lugha nyingine yoyote inaweza kusoma na kuandika vitu vya ukurasa bila kujua kwamba Java ipo. Ruhusa hukaguliwa na seva kwa mtumiaji aliyejitambulisha, jambo ambalo njia mbili za kwanza hazikupi bure.

Kwa kijenzi chetu, hata hivyo, bei yake iko barabarani. Kila usomaji ni safari ya mtandao. Kuonyesha kontena zote zinazokaribia gharama kunahitaji kurasa nyingi, na programu iliyoko Kijitonyama ikiuliza ukurasa mmoja mmoja wa seva iliyoko Kurasini, afisa atasubiri. Mtandao ukiyumba, atasubiri bure. Nywila ya mtumiaji wa huduma nayo inabidi itunzwe mahali, ibadilishwe kwa wakati, na isiishie kwenye faili lililonakiliwa kwa kila fundi aliyepita.

Historia ya MediaWiki, programu inayoendesha Wikipedia, inafundisha jambo hapa. Kichakataji chake kipya cha maandishi ya kurasa, Parsoid, kiliandikwa kwanza kwa JavaScript na kukimbia kama huduma ya pembeni, kikiuliza kiini cha PHP mambo kupitia API ya mtandao. Mwaka 2019 kilihamishiwa PHP, na leo kinakimbia ndani ya mchakato mmoja na kiini, kikipata data kupitia violesura vichache vilivyofafanuliwa upande wake chenyewe. Yaani mradi mkubwa wenye seva nyingi kuliko tutakazowahi kuwa nazo uliamua kwamba kijenzi kinachohitaji kiini kila wakati kikae karibu nacho. Katika MediaWiki hiyohiyo, toleo la 1.27 la mwaka 2016 lilileta MediaWikiServices ili msimbo uache kutegemea vigeu vya jumla. Na kanuni yao inafanana na yetu: mwito tuli unavumiliwa katika msimbo wa zamani, lakini huduma mpya hupewa mahitaji yake kupitia konstrakta.

Ningechagua nini

Kwa kijenzi cha shehena ningechukua muktadha wa zamani, lakini si katika kila klasi. Ningeandika kiolesura changu kidogo, tukiite HifadhiYaShehena, chenye mbinu tatu tu: kutafuta shehena kwa namba ya hati ya upakiaji, kuorodhesha zinazokaribia gharama, na kusasisha taarifa za forodha kwa mkupuo mmoja. Kiolesura hicho kisitaje XWikiDocument wala XWikiContext. Kipokee DocumentReference na kirudishe klasi rahisi ya Shehena. Utekelezaji wake, klasi moja ndani ya pakiti ya internal, ndio pekee unaoitegemea oldcore, na ndimo ziishimo clone(), mwandishi wa badiliko, ukaguzi wa ruhusa na hifadhi moja. Klasi nyingine zote zijaribiwe kwa @MockComponent juu ya HifadhiYaShehena, na jaribio zito la @OldcoreTest libaki kwa klasi hiyo moja.

Sababu yangu kubwa ya kupendelea hivi ni watu. Timu ndogo za hapa mjini hubadilika: aliyeandika leo, mwakani yuko kampuni nyingine, na anayerithi huwa anajua Java lakini hajui desturi za XWiki. Akikuta mitego yote imekusanywa kwenye klasi moja ataisoma na kuielewa kabla ya chakula cha mchana. Akikuta miito ya daraja imetapakaa kwenye klasi kumi, kila moja ikionekana safi, hatajua kwa nini historia ya kurasa imejaa matoleo.

Daraja ningeliacha kwa vijenzi vinavyosoma tu, na kwa yeyote anayeandika moduli ambayo oldcore yenyewe huitegemea, ambaye kwa kweli hana hiari. REST ningeitumia kwa ile programu ya kusukuma nyaraka zilizoskaniwa kutoka kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa kuwa hiyo iko nje ya seva kwa asili yake, hutuma faili moja kwa wakati, na ikishindwa inaweza kurudia baadaye bila mtu kuona.

Kwa aliyekwisha kuandika kijenzi kwa daraja na kinafanya kazi, sioni haja ya kukivunja. Aangalie tu ni mahali gani setProperty imeitwa zaidi ya mara moja mfululizo juu ya ukurasa uleule, na ahamishe sehemu hizo pekee. Usomaji uliobaki unaweza kukaa ulipo miaka mingi.